Mashine ya Chumba cha Ndani

Habari ya kifo cha Bi Mejumaa ilinikuta Msambweni, jikoni, nakuna nazi. Binti yangu mkubwa ndiye aliyeisoma kwenye simu, kwa sauti ile ile anayosomea bei za nguo, kisha akauliza, "Mama, huyu Bi Mejumaa wa Ukunda ni nani kwetu?" Nikamwambia nilifanya kazi kwake zamani, kabla sijaolewa. "Kazi gani?" Kupiga video za harusi. "Mbona hatujapata kwenda kumtembelea?" Nikamwambia akaangalie wali usiungue. Wali wenyewe ulikuwa bado ni mchele ndani ya ungo, nazi yake ikiwa bado mikononi mwangu, na mtoto yule akautazama ungo, akanitazama mimi, akatoka nje. Nikabaki na mbuzi ya kukunia na swali lake. Nimelijibu hapa chini, na ninalijibu hapa kwa sababu mdomoni limenishinda.

Nitaanza na chumba, maana mwaka mzima ule niliuishi ndani yake. Nyumba ya Bi Mejumaa ilikuwa Ukunda, nyuma ya barabara kubwa, na chumba cha ndani kilikuwa cha mwisho kwenye ukumbi, chenye dirisha dogo la juu lisiloonyesha kitu ila kipande cha mnazi wa jirani. Mlango ulikuwa na pazia jekundu zito. Ndani kulikuwa na mkeka, mito miwili, feni iliyokuwa ikilalamika, na meza ya kujipambia aliyoletewa Bi Mejumaa siku zake za ubiharusi. Juu ya meza hiyo ndipo ilipokaa mashine, kompyuta yetu ya kukatia video. Kioo cha meza hakikuwa kimeng'olewa, kwa hiyo ukiketi kufanya kazi uliiona harusi ya mtu kwenye skrini na uso wako mwenyewe juu yake. Mashine ilitoka hoteli moja ya Diani iliyokuwa ikibadilisha vyombo vya ofisi. Ilikuwa nyembamba kama sinia la kupelekea mkate, nzee, lakini mwaminifu. Niliijua kwa sauti yake, nikajua hata inapochoka.

Kupamba ni shughuli ya wanawake watupu, na hilo anayesoma haya nadhani analijua. Mabuibui huvuliwa mlangoni, simu hukusanywa ndani ya beseni, na jirani ambaye mtaani humjui ila kwa macho unamkuta kajisuka, kajitia hina hadi viwikoni, anazungusha kiuno mbele ya biharusi kama dunia yote kaandikiwa yeye. Anayeshika kamera lazima awe mwanamke, tena wa kuaminika, kwa sababu anapotoka pale huwa amebeba nywele na viuno vya mtaa mzima ndani ya mkoba. Kutoka Tiwi mpaka Shimoni, mwanamke huyo alikuwa Bi Mejumaa. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu, hacheki ovyo. Nilimfuata mimi nikiwa msichana wa cheti cha chuo kidogo cha pale Ukunda, nikampangia picha, nikamkatia vipande. Sharti lake lilikuwa moja tu: hakuna mwanamume atakayesimama mbele ya mashine ile harusi ya mtu ikiwa ndani. Hata mwanawe wa kumzaa alikuwa akizungumza naye kutoka upande wa pili wa pazia.

Na ilikuwapo desturi nyingine, ambayo ndiyo iliyoleta haya yote. Kazi ikimalizika, jamaa za biharusi humtuma mwanamke wao na diski yao, aje kuhamishiwa harusi. Huyo hukaa pale pale mkekani mpaka kitu cha mwisho kihame, kisha sisi hufuta kila kilichobaki ndani ya mashine, yeye akitazama kwa macho yake. Tukikuita kulinda. Matundu ya USB ya mashine ile yalikuwa ya zamani, ya mwendo wa kobe, na harusi moja ilianza kuhama baada ya adhuhuri ikamalizika magharibi ikikaribia. Kwa hiyo mlinzi alikuja na chakula. Nimekula pale chumbani samaki wa kupaka wa watu nisiowajua, mahamri na mbaazi, viazi vya karai na achari ya ndimu iliyonitoa machozi, na nimesikia mambo ambayo msichana hakustahili kuyasikia. Mmoja alitueleza kuwa mumewe huko hotelini hukunja taulo zikawa bata, na nyumbani hajui kukunja hata kikoi chake. Bi Mejumaa akamwambia, "Basi mlete huyo bata tumchinje." Huku nyuma yetu mstari wa kijani unaoonyesha kiasi kilichohama ulikuwa ukijikokota kwenye skrini, na hakuna aliyeutazama.

Mimi niliutazama. Ningependa kusema niliona mbali kuliko wenzangu, lakini ukweli ni kuwa nilikuwa na haraka zangu. Nilikuwa nimeposwa na Hamisi, kijana wa Msambweni, na yeye alikuwa akinipigia simu baada ya alasiri, na kila alasiri mimi nilikuwa mlinzi wa walinzi. Tena tulikuwa tumepata kamera mpya, picha zake nzito, na Shaaban ilikuwa inakuja na harusi zake zilizosongamana kabla ya Ramadhani. Nikamwambia Bi Mejumaa kuwa ni kama kujaza pipa kwa kijiko. Mashine mpya hatuiwezi, nikamwambia, lakini kuna kadi ndogo, inachomekwa ndani, inakupa matundu mapya ya kasi, yale yenye ulimi wa buluu. Akaniuliza, "Wanaokuja hapa wanalalamika?" Nikasema hapana. "Basi nani ana haraka?" Nikajifanya natafuta waya, naye akajua. Kwa muda wa wiki kadhaa kila alipopita karibu yangu alisema haraka haraka haina baraka, na mimi kwa ujuvi wa umri ule nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwishowe akachoka na mdomo wangu, akasema nimtafute fundi.

Fundi alikuwa Mutua, kijana wa Mackinnon Road, mwenye kibanda cha simu na kompyuta karibu na soko. Bi Mejumaa alimkubali kwa masharti ambayo sijayaona kwingine tangu hapo. Kabla Mutua hajaingia uani, yeye mwenyewe alishika bisibisi, akaifungua mashine kama nilivyomfundisha, akaitoa diski ya ndani, akaifunga ndani ya leso, akaenda kuketi nayo jikoni, kaipakata. Mashine tukaitoa barazani ikiwa tupu. Mutua akaitazama, akanitazama. "Sasa mama ananipea gari bila injini?" Nikamwambia afunge kadi tu. Akaikuta nafasi ndogo ya kuichomeka, lakini kipande cha bati kinachoshika kadi kilikuwa kirefu kuliko mashine yenyewe. "Hii casing ni slim, manze. Bracket ndefu haiwezi ingia." Akaondoka, akarudi na fupi. Kisha kadi ikataka waya wake wa umeme, na plagi ya waya haikulingana na zilizokuwemo ndani, ikabidi atafute kiunganishi. Muda wote huo Bi Mejumaa hakuinuka jikoni. Nilipokwenda kumchukulia Mutua maji nilimkuta ameegemea ukuta, leso mapajani, akitia vitunguu chumvi kwa mkono mmoja.

Ilipofika wakati wa kuitambulisha kadi kwa mashine, diski ililazimika kurudi, na Mutua akalazimika kukaa ukumbini, upande wa pili wa pazia. Mimi ndani, yeye nje, Bi Mejumaa katikati kashika pazia lisipepee. "Imeandika nini?" akauliza Mutua. "Imeandika Next." "Finya hiyo." "Imeandika Next tena." "Finya tu." Bi Mejumaa akasema, "Na ikiandika talaka, atafinya?" Mutua alicheka mpaka akakaa chini, na nadhani siku ile nilimpenda Bi Mejumaa kuliko nilivyowahi kumwambia. Nikachomeka diski ya kujaribia, mstari wa kijani ukaruka. Tukampa Mutua chai na mahamri barazani. Alitushukuru sana, mtu wa watu.

Wa kwanza kuonja kasi yetu alikuwa Bi Nuru. Bi Nuru ni shangazi yake Hamisi, na nusu ya Msambweni ilikuwa ikimtuma yeye kulinda, kwa sababu hasinzii na hapokei porojo. Alikuja kwa harusi ya jirani yake, na sufuria ya wali wa nazi, na mchuzi kwenye chombo chake, na tasbihi. Akavua buibui, akajinyoosha, akaanza kutuuliza habari za nyumbani. Chai haijamiminwa, nikamwambia, "Tayari, shangazi." Akasema, "Tayari nini?" Nikamwonyesha. Akaiangalia skrini, akaiangalia diski yake. "Yote?" Yote. "Na kupamba, na nikahi, na ile ya kumtoa ndani?" Nikamfungulia aone. Mimi nilikuwa natabasamu, nangojea sifa. Bi Nuru akafunika sufuria aliyokuwa ndio kwanza anaifunua. "Kwa hiyo," akasema polepole, "mtu nikitoka kwenda kutawadha, nikarudi, harusi nzima imeshatoka mlangoni." Bi Mejumaa akasema harusi haitoki humu ila kwa idhini. Bi Nuru akasema, "Sijasema imetoka." Na akakaa pale pale mpaka magharibi, ingawa hakukuwa na cha kulinda, akitazama ule ulimi wa buluu kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua katoka wapi.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Sisi tuliamini wanawake wale walikuwa wakituamini sisi. Kumbe walikuwa wakiuamini ule uzito wa mashine. Kilichokuwa kikichukua mchana kutwa kuhama hakikuweza kuibwa mtu akipepesa jicho, na hilo kila mmoja alilielewa bila kufundishwa chuo. Mimi niliye na cheti ndiye nisiyelielewa. Nilidhani nimewaondolea usumbufu, na kumbe usumbufu ule ndio uliokuwa kufuli.

Shaaban ikaingia, na harusi ya Zainabu ikaingia nayo. Zainabu ni dadake Hamisi, wifi yangu, kwa hiyo safari ile waliokuwa ndani ya mashine walikuwa watu wangu: mkwe wangu mtarajiwa na nywele zake zilizotiwa hina, mawifi, na Bi Nuru mwenyewe akicheza, jambo ambalo ulimwengu haukupaswa kulijua. Siku ya kuhamisha, Bi Mejumaa aliitwa alfajiri, dadake amelazwa hospitali ya Msambweni. Akaniambia Bi Nuru akija nimwombe radhi, aje siku nyingine. Nikasema sawa. Lakini nilitaka kuonekana hodari mbele ya ukoo ninaoingia, nikaona nijaribishe mapema, nikachomeka diski yangu kwenye tundu la buluu. Mstari ukaenda nusu, mashine ikatoa ule mlio wake wa kukataa, diski ikapotea kwenye skrini. Nikarudia. Ikapotea tena. Safari ya tatu nikahamia tundu la zamani, nalo likakataa, faili moja ikagoma hata kufunguka, na kadi za kamera tulikuwa tumeshazifuta kwa ajili ya harusi inayofuata. Kupamba kwa wifi yangu kulikuwa hakuna kwingine duniani ila ndani ya sinia lile.

Nilimpigia Mutua. Akaniambia waya wa umeme wa kadi umelegea, nijaribu kuukaza. Nikajaribu, sikujua nashika wapi. Nikamwambia nitamletea mashine barazani bila diski kama siku ile. Akasema haitasaidia, "lazima nione ikiwa on, ikifanya kazi, ndio nijue ni wapi inakata." Nikakaa mkekani nikafikiri, kama kule kunaweza kuitwa kufikiri. Kisha nikamwambia njoo.

Nataka lieleweke nilivyofanya, si kwa kujitetea. Nilivua mtandio wangu nikaifunika skrini, nikaubana kwa pini pande zote, nikajitia buibui. Mutua aliingia, akapiga magoti upande, akatia mikono ndani ya mashine, uso kaugeuzia ukuta bila hata kuambiwa. Hakuona kitu. Nimeapa juu ya hilo mara nyingi, peke yangu. Lakini nje kulikuwa na wauza mboga wanaopita na watoto wa jirani, na mimi nikaogopa mtu asije akachungulia akaona mwanamume chumba cha ndani. Basi nikaufunga mlango wa mbele. Niliufunga ili nifiche jambo ambalo halikuwa na aibu yoyote mpaka nilipoufunga. Mutua akasema, "Sasa cheki kama imeshika." Nikainua ncha ya mtandio upande wangu, nikasoma, imeshika, hata faili ile iliyogoma ikafunguka. Akatoka, akaketi kizingitini kuvaa viatu vyake. Vilikuwa viatu vya kamba, vya kahawia, na alivifunga kwa utaratibu wake wote.

Bi Nuru alikuja kabla ya alasiri. Akauliza, "Mejumaa yu wapi?" Nilipaswa kumwambia aje siku nyingine. Nikamwambia yumo chumbani kwake, kichwa kinamuuma. Harusi ikahama salama, nikafuta mbele ya macho yake, akatoa shukrani kwa ufupi. Alikuwa amekuja na sufuria ya wali, na aliondoka nayo ikiwa imejaa. Hilo lingetosha kunishtua, ila nilikuwa nimechoka na nilikuwa na simu ya kupokea.

Walikuja baada ya siku chache, Bi Nuru na mamake Hamisi, mkwe wangu. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia, nikaenda kutia chai. Bi Mejumaa alikuwa hana habari ya lolote, kwa maana sikuwa nimemwambia. Kila siku nilikuwa nikisema kesho. Mkwe wangu akaanza kwa upole sana: "Mejumaa, sisi ni watu wa siku nyingi. Nakuuliza kama dada. Kuna mwanamume aliyeingia chumba kile, na mtoto wangu yumo ndani ya mashine?" Bi Mejumaa akasema, "Wallahi hajaingia. Wala hajapata kuingia." Alisema kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jina lake. Bi Nuru akageuza bangili mkononi. "Mimi nilifika mapema siku ile," akasema. "Nikaona viatu vya kamba, vya mtu wa bara, mlangoni, na mlango umefungwa. Nikarudi kwa jirani nikangoja. Viatu vile vilikuwa vya nani?"

Nilikuwa nimeshika birika. Bi Mejumaa aligeuka akanitazama, na mtazamo ule haukuchukua hata muda wa kumeza mate. Aliona kila kitu usoni mwangu, mlango, viatu, na mimi mchumba wa watu. Nilifungua mdomo. Yeye akawa mwepesi zaidi. "Vya fundi," akasema. "Nilimwita mimi. Nilikuwamo mle ndani naye." Mkwe wangu akasema, "Umeapa sasa hivi, Mejumaa. Chai haijapoa." Akajibu, "Ndiyo. Nimeapa uongo." Bi Nuru akasema astaghfirullah, akainuka. Mkwe wangu alilia alipokuwa akivaa buibui. Chai yao nikaimwaga uani, vikombe vikiwa vimejaa.

Nilimfuata jikoni. Akaniuliza fundi alifanya nini, nikasema alikaza waya. Akaniuliza kama niliifunika skrini, nikasema kwa mtandio. Akasema basi. Nikamwambia nakimbia kuwafuata, niwaambie ni mimi. Hapo ndipo aliponishika mkono, na alinishika kwa nguvu. "Ukawaambie nini? Watakuuliza mlango ulifungwa kwa nini. Msichana aliyeposwa, na mwanamume, ndani, na mlango umefungwa. Jibu lako wewe ni waya. Utampelekea nani jibu la waya?" Nikalia. Akasema mumewe kashakufa, watoto wake wameshaoa, na jina lake limeshafanya kazi yake, langu ndio kwanza linaanza. Nikaanza kumshukuru, akaniachia mkono kama aliyeshika chungu cha moto. "Usinishukuru. Umeniapisha mbele ya Mungu na wewe unajua. Ukinishukuru nitakuchukia."

Haikuwa video iliyommaliza, kwa sababu hakuna video iliyotoka hata moja, wakati ule wala baadaye. Ilikuwa ni neno: Mejumaa anaapa uongo. Neno hilo halikuhitaji tundu la kasi. Mwisho wa Shaaban tulikuwa na harusi mbili, zikaondolewa. Baada ya Idi hakuna aliyemwita. Wale walinzi waliokuwa wakija na sufuria zao wakawa wanapita njia ya pili. Alianza kukaanga viazi vya karai barazani, akiuza kwa watoto wa shule, na mimi nikawa naketi chumba cha ndani mbele ya mashine ya kasi isiyo na kitu cha kuhamisha, najitazama kwenye kioo. Hakunifukuza. Alinipa chakula kila mchana, ila alikiweka chini karibu nami badala ya kunipa mkononi. Mutua alipita siku moja akatania, "Madam, mbona hamnipigii tena, kadi imeshakuwa sawa?" Nikamwambia iko sawa kabisa. Hakujua, na sikuona haki ya kumwambia.

Niliolewa mfungo tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani. Kupamba kwangu kulipigwa picha na msichana aliyeletwa kutoka Mombasa, kwa amri ya mkwe wangu. Bi Mejumaa nilimwalika kwa kumtuma mtu, sikwenda mwenyewe, na sikudhani atakuja. Alikuja. Nilikuwa nimeshakalishwa kwenye kiti, nimevikwa dhahabu za kuazima, na macho nimeyashusha kama nilivyofundwa, maana biharusi hatazami watu wala hasemi. Lakini mlango ulikuwa mbele yangu. Wanawake walikuwa wakiingia, wanatia simu kwenye beseni, wanapita. Ilipofika zamu yake, Bi Nuru akamwambia afungue na mkoba. Hakuna mwingine aliyeambiwa afungue mkoba. Akaufungua. Bi Nuru akatia mkono, akapekua, kisha akamwambia na mikono ya gauni. Bi Mejumaa akainua mikono yote miwili, akapapaswa mbele ya wageni wangu, huku vigelegele vikiendelea. Kisha akaniangalia. Nilijua ananiangalia. Nami nilikuwa na desturi nzuri ya kujifichia, biharusi hainui macho, nikaishika desturi ile kwa mikono miwili. Alikaa kidogo, akala kaimati moja, akaondoka.

Sikurudi kwake tena. Mwanzoni nilijiambia mimi ni mwali, sitoki. Kisha nilijiambia nina mtoto mchanga. Kisha nikalikumbuka lile neno lake, kuwa nikimshukuru atanichukia, na nikaligeuza kuwa ruhusa. Ukunda si mbali na Msambweni. Nimepita pale mara ngapi nikienda kununua nguo za Idi, nikageuza uso upande wa pili wa barabara. Hamisi sijamwambia mpaka leo. Ni mume mwema, huenda angesema mambo ya zamani yaache yalale, na mimi sitaki kuambiwa hivyo.

Kwenye maziko nilikwenda na binti yangu mkubwa na Bi Nuru, kwa kuwa sasa haoni vizuri na mimi ndiye nimshikaye mkono. Tukatoa makiwa, tukaketishwa ukumbini pamoja na wanawake wengine, karibu na chumba kile cha mwisho. Pazia lilikuwa jingine. Mashine sikuthubutu kuiulizia. Maiti ilipokwisha kuvikwa sanda, kabla haijatolewa, mwanawe mkubwa akaja kusimama mlangoni, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti iliyokatika, "Mama zangu, mmeishi naye. Kama kuna mtu mama alimkosea, namwombea msamaha. Mhalalishieni." Wanawake wakaanza mmoja mmoja, nimemhalalishia, nimemhalalishia. Zamu ikafika kwa Bi Nuru. Akasema kwa sauti kubwa ya wazee wasiosikia wenyewe, "Mimi nilikuwa na kiapo chake moyoni, kile cha uongo. Nimemsamehe. Mungu naye amsamehe."

Wote walikumbuka. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, yamekaa mdomoni tangu usichana: hakuapa uongo, alikuwa Msambweni siku ile, mlango niliufunga mimi. Mwanawe alikuwa amesimama pale pale, anasubiri, machozi yanamshuka, na ningeweza kumpa mamake safi azike. Binti yangu alikuwa ameketi kando yangu. Bi Nuru akaupapasa mkono wangu, akausukuma kidogo. "Nawe sema, mwanangu. Ulikula chumvi yake mwaka mzima."

Nikasema, "Nimemsamehe."

Wakaitikia amina. Mwanawe akanishukuru kwa kichwa. Bi Nuru akanipigapiga goti, akamwambia binti yangu, "Mamako ana moyo safi," na jeneza likatolewa.